Je, asili ya mtu ndiyo inayoamua kama dawa itamfaa au itamdhuru?

Swali: Mimi na mume wangu tumetoka katika jamii mbili zenye asili tofauti kabisa. Nilipofanyiwa upasuaji nilipewa vidonge vya kodeini vya kutuliza maumivu. Kidonge cha pili kilinilaza usingizi mzito, nikawa napumua polepole mno, hata mume wangu akadhani nimezimia. Yeye aliwahi kupewa vidonge hivyo hivyo alipovunjika mkono, na anasema havikumtuliza hata kidogo. Daktari aliniambia, “Watu wa asili yenu ndivyo mlivyo, dawa hii haiwafai,” akaliandika jambo hilo kwenye faili langu. Je, ni kweli kwamba makabila na mataifa hutofautiana katika kuipokea dawa, au huu ni ubaguzi uliovishwa koti jeupe? Na watoto wetu, ambao ni wa damu mbili, wahesabiwe upande gani?

Jibu: Dada yangu, nianze na lile lisilosubiri. Mpaka utakapopimwa, usitumie tena kodeini, wala tramadoli, ambayo nayo huchakatwa kwa njia ile ile nitakayoieleza hivi punde. Kila daktari au mfamasia atakayekuhudumia msimulie kisa chako kama kilivyotokea: ulimeza miligramu ngapi, usingizi ulikushika baada ya muda gani, ulikuwa unapumuaje, na ni dawa gani nyingine ulizopewa siku hiyo, kwa kuwa mabaki ya dawa za usingizi za upasuaji yakikutana na kodeini huongezeana nguvu. Masimulizi hayo yana thamani kubwa kuliko ile sentensi iliyoandikwa kwenye faili lako. Ikiwa unanyonyesha, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mofini, ambayo mwili huitengeneza kutoka kwa kodeini, hupita kwenye maziwa ya mama.

Ama swali lenyewe, daktari wako ameshika ukweli kwa upande mmoja akauachia kwa upande mwingine. Ni kweli kwamba baadhi ya jeni zinazosimamia safari ya dawa mwilini hupatikana kwa wingi katika jamii fulani na kwa uchache katika nyingine, na tofauti hizo zimewahi kuua watu na kuokoa watu. Lakini kutoka kwenye ukweli huo hadi kumwambia mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yako kwamba “ndivyo mlivyo” kuna umbali mkubwa, na daktari wako ameuruka umbali huo bila kuupima.

Tuitazame kodeini yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza na kwa kuwa inafundisha vizuri. Kodeini unayoimeza haitulizi maumivu kwa kiasi cha maana. Kazi hiyo hufanywa na mofini, ambayo ini huitengeneza kwa kuibadilisha sehemu ndogo ya kodeini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Maelekezo ya kukitengeneza kimeng'enya hicho yamo katika jeni yenye jina hilo hilo, na kila mmoja wetu amerithi nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mtu ambaye nakala zake zote mbili zimeharibika hatengenezi mofini ya kutosha, kwa hiyo hupata maudhi ya kodeini bila kupata utulivu. Hali hiyo inafanana na ya mume wako. Mwingine amerithi kromosomu ambayo jeni hiyo imejirudia mara mbili au zaidi, ini lake lina kimeng'enya hicho kwa wingi kupita kiasi, na dozi ya kawaida humgeukia kuwa mofini nyingi kwa muda mfupi. Hali hiyo inafanana na yako. Nasema inafanana kwa makusudi, kwa sababu bila kipimo mimi nami siwezi kuthibitisha. Hata mume wako huenda jeni zake ni nzima kabisa, ila wakati ule alikuwa akitumia dawa ya sonona kama vile fluoksetini au paroksetini, ambazo hukizuia kimeng'enya hicho hicho kufanya kazi na kumfanya mwenye jeni nzima aonekane kama hana. Muulize.

Sasa tuje kwenye hesabu za jamii. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, kati ya 5% na 10% hawana kabisa CYP2D6 inayofanya kazi, ilhali katika Asia ya Mashariki watu wa namna hiyo ni takriban 1% tu. Kwa upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba takriban 29% ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na jeni iliyojirudia, wakati kaskazini mwa Ulaya kiwango hicho ni 1% au 2%. Tofauti ya namna hiyo si ndogo. Mamlaka ya dawa inayopanga miongozo ya kutuliza maumivu katika nchi ambayo robo ya wananchi wake au zaidi wanaweza kuigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi ya hatari, haina haki ya kuipuuza.

Lakini hebu uigeuze namba hiyo. Ikiwa 29% wanayo jeni iliyojirudia, basi 71% hawanayo. Hata katika jamii ambayo hali hii imeonekana kwa wingi kiasi hicho, daktari anayemwambia kila mgonjwa “dawa hii haiwafai watu wa asili yenu” atakuwa amekosea kwa wagonjwa saba kati ya kumi, na kila mmoja wao atakuwa amenyimwa dawa ambayo ingemfaa. Na katika jamii yenye 2% tu, daktari anayesema “ninyi hamna shida na dawa hii” atampata mmoja kati ya hamsini ambaye shida anayo, na huyo ndiye atakayeletwa usiku akiwa hapumui vizuri. Wastani wa jamii ni kitu halisi, ila hakuna mgonjwa anayeumwa kwa wastani.

Pengine unajiuliza kwa nini jeni zitofautiane hivyo kutoka jamii moja hadi nyingine. Sehemu kubwa ya sababu ni bahati ya historia: kundi dogo la watu linahama, linaoana lenyewe kwa lenyewe kwa vizazi vingi, na toleo la jeni walilokuwa nalo mababu wachache linaenea kwa wazao wote, liwe na faida au lisiwe nayo. Mara nyingine sababu ni mazingira, na mfano ulio wazi kuliko yote ni malaria. Seli nyekundu za damu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachozikinga zisichomwe na kemikali kali. Watu wapatao milioni 400 duniani wamerithi upungufu wa kimeng'enya hicho, na ramani ya makazi ya asili yao inafuata kwa karibu ramani ya malaria ya kale: Afrika kusini mwa Sahara, nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati, na kusini mwa Asia mpaka visiwa vya Pasifiki. Upungufu huo unampa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana haukutoweka. Na mtu huyo akipewa primakwini, ambayo ni dawa ya malaria, au dapsoni, au dawa nyingine zenye tabia hiyo, seli zake nyekundu hupasuka, mkojo hubadilika rangi ukawa mweusi, na damu hupungua, wakati mwingine kwa kiwango cha kuua.

Kisa cha primakwini ndicho kilichotufungua macho. Iliwahi kuonekana kwamba baadhi ya wanajeshi weusi wa Marekani waliopewa dawa hiyo walipatwa na upungufu mkali wa damu, na kwa muda jambo hilo likaelezwa kama tabia ya watu weusi. Mwaka 1956 watafiti waliokuwa wakifanya majaribio kwa wafungwa wa gereza la Stateville, katika jimbo la Illinois, walitambua kwamba shida ni upungufu wa G6PD. Kwamba ujuzi huu ulipatikana kwa kuwatumia watu waliofungwa, ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa wa mashaka, ni doa ambalo sipendi kulipita kimya. Ila angalia kilichofuata baada ya ugunduzi huo: maneno “tabia ya watu weusi” yakapoteza maana. Wapo weusi wengi wasio na upungufu, na wapo Wagiriki, Waitalia wa Sardinia na Waarabu walio nao, tena toleo linalopatikana pande za Mediterania kwa kawaida ni kali zaidi kuliko lile lililoenea Afrika. Tangu hapo cha kupima kikawa damu ya mgonjwa, si rangi ya ngozi yake.

Somo hilo lilipaswa kuwa limeeleweka, lakini lililipiwa tena. Mwaka 2003 ilisajiliwa dawa ya malaria iliyounganisha kloroproguanili na dapsoni, iliyokusudiwa hasa kwa ajili ya Afrika, yaani kwa watu ambao upungufu wa G6PD ni jambo la kawaida miongoni mwao. Dapsoni kuwa hatari kwa watu hao halikuwa jambo jipya. Mwaka 2008 dawa hiyo iliondolewa sokoni baada ya majaribio kuonyesha kwamba watoto wenye upungufu huo walikuwa wakipungukiwa damu kwa kiwango kisichovumilika.

Nadhani mfano ulio bora wa jinsi ujuzi wa jamii unavyopaswa kutumika ni wa efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mhimili wa matibabu katika nchi nyingi. Dawa hii huvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine cha ini, CYP2B6. Mwenye nakala mbili za toleo dhaifu la jeni yake hubaki na dawa mara kadhaa zaidi katika damu, naye ndiye anayesumbuliwa zaidi na kizunguzungu, ndoto za kutisha, kuchanganyikiwa, na hata mawazo ya kujidhuru. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wenye nakala mbili za namna hiyo walikuwa 20% ya Wamarekani weusi waliopimwa na 3% tu ya weupe. Nchini Zimbabwe, kundi la mtafiti Collen Masimirembwa lilikuta hali ile ile, yaani takriban mtu mmoja kati ya watano, na mwaka 2008 likachapisha hesabu zilizoonyesha kwamba watu hao walihitaji dozi ndogo kuliko miligramu 600 zilizokuwa zikitolewa kwa wote. Hata hivyo, dozi hiyo ya miligramu 600 ndiyo iliyofanywa tiba ya kwanza nchini humo miaka kadhaa baadaye, na malalamiko yaliyotabiriwa yakaja. Mwaka 2014 jaribio kubwa lililofanyika katika mabara kadhaa lilionyesha kwamba miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600, tena kwa maudhi machache zaidi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi hiyo ndogo, kisha dawa nyingine ya VVU, dolutegraviri, ikachukua nafasi ya kwanza.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hapa asili ya watu ilikuwa na jambo la kweli la kusema, na halikusikilizwa kwa wakati. Walioambiwa “utazoea” walikuwa mamilioni ya watu waliokuwa wakimeza dozi iliyothibitishwa hasa kwa miili ya watu wengine. Katika hali ya namna hiyo haikuhitajika kumpima kila mmoja wala kuuliza kabila lake. Ilihitajika wizara ya afya kujua ni jeni gani zimeenea katika nchi yake kabla ya kununua dawa ya kuwapa watu wote. Ujuzi wa jamii kazi yake iko hapo, katika kuchagua dawa na dozi za mpango wa taifa, na katika kuamua ni kipimo gani kiwekwe maabara. Ukiuleta kitandani kwa mgonjwa mmoja, ujuzi huo unabaki kuwa dokezo.

Na dokezo lenyewe hupotosha vibaya pale makundi yanapochorwa kwa kalamu nene. Chukua abakaviri, dawa nyingine ya VVU. Baadhi ya watu wanaoitumia hupatwa na mzio mkali wa mwili mzima, ambao ukirudiwa mara ya pili unaweza kuua. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba mzio huo unafuatana na toleo la jeni ya kinga liitwalo HLA-B*57:01, na jaribio lililochapishwa mwaka 2008 likathibitisha kwamba kuwapima watu kabla ya kuwapa dawa kunauzuia karibu kabisa. Toleo hilo linajulikana kuwa la Wazungu zaidi, na vitabu vingi vimeandika kwamba kwa Waafrika ni nadra. Waafrika gani? Takwimu zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba toleo hilo lilikuwa 0% kwa Wayoruba wa Nigeria, 3.3% kwa Waluhya wa Kenya, na 13.6% kwa Wamasai wa Kenya, yaani Wamasai waliopimwa waliwazidi Wazungu wenyewe. Wamasai na Waluhya ni raia wa nchi moja, wanapanga foleni katika kliniki moja, na fomu inayouliza “asili” ingewaandika wote kwa neno moja. Afrika ndilo bara ambalo binadamu amekaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ndilo lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba. Kulichukulia kama kundi moja la kitabibu ni kosa la kisayansi hata kabla halijawa kosa la heshima.

Neno “Mwasia” nalo lina kasoro ile ile. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwachunguza wagonjwa 44 ambao ngozi zao zilichubuka na kumomonyoka baada ya kutumia kabamazepini, dawa ya kifafa; wote 44 walikuwa na HLA-B*15:02, toleo jingine la jeni ya kinga, ilhali kati ya watu walioitumia dawa hiyo bila madhara ni 3% tu waliokuwa nayo. Sijui ushahidi mwingi katika famakolojia ulio wazi kiasi hicho. Toleo hilo limeenea kwa Wachina wa Han, Wathai na Wamalei, lakini kwa Wajapani na Wakorea ni nadra, chini ya 1%. Onyo linalosema “kwa Waasia” tu linamtisha Mjapani pasipo sababu, na linaweza kumsahau mtu mwenye jina la Kizungu ambaye bibi yake alizaliwa Bangkok.

Umeuliza kama huu ni ubaguzi. Ningependa kukujibu bila kuficha. Pale ambapo daktari anatazama sura au jina, kisha anaandika hukumu ya kudumu bila kipimo, kitendo hicho ni cha kibaguzi hata kama nia yake ilikuwa njema, na naamini yake ilikuwa njema. Lakini kuna aina nyingine ya ukosefu wa haki ambayo inanisumbua zaidi, nayo ni kutochunguzwa kabisa. Kufikia mwaka 2018, takriban 78% ya watu waliokuwa wameshiriki katika tafiti za kulinganisha vinasaba vyote na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa karibu 2%. Matokeo yake yanaonekana katika dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini. Dozi yake ni ngumu kuipata: ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda mahali pasipotakiwa. Jeni mbili, CYP2C9 na VKORC1, hueleza sehemu kubwa ya tofauti baina ya watu, na toleo la VKORC1 linalomfanya mtu ahitaji dozi ndogo ndilo la kawaida katika Asia ya Mashariki, huku Afrika likiwa la wachache. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililoitwa COAG, ambapo nusu ya wagonjwa walipangiwa dozi kwa kanuni iliyozingatia jeni. Kwa wagonjwa weusi kanuni hiyo ilifanya mambo yawe mabaya zaidi: damu yao ilikuwa katika kiwango salama kwa takriban 35% ya muda, ilhali wenzao ambao jeni zao hazikutazamwa walifikia takriban 43%. Kanuni ilikuwa imejengwa juu ya matoleo yanayopatikana hasa kwa Wazungu. Matoleo ya CYP2C9 yanayopatikana Afrika, kama vile *5, *6, *8 na *11, hayakuwamo. Mgonjwa mwenye toleo kama hilo alihesabiwa kuwa na jeni ya kawaida kwa sababu tu hakuna aliyelitafuta.

Hali kama hiyo ipo katika saratani. Watu wachache hawawezi kuivunja dawa ya saratani iitwayo fluorourasili, na dozi ya kwanza inaweza kuwaharibia uboho na utumbo. Ulaya ilipoanza kupendekeza kipimo cha jeni ya DPYD, inayohusika na uvunjaji huo, mwaka 2020, matoleo manne yaliyokuwa yakipimwa kwa kawaida yalikuwa yale yaliyogunduliwa kwa Wazungu. Lipo toleo jingine, Y186C, ambalo linapatikana kwa watu wa asili ya Afrika na halikuwamo katika manne hayo. Mgonjwa mweusi aliyepimwa akaambiwa “huna tatizo” alipewa uhakika ambao kipimo hakikuwa na uwezo wa kuutoa. Kwa hiyo siku utakapopimwa, usiridhike na jibu la “kawaida”. Omba kujua ni matoleo gani yaliyotafutwa, na kama yamo yale yanayopatikana katika jamii ulikotoka.

Niguse kwa ufupi mfano ambao watu huutaja kila mara. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa ya moyo kushindwa kufanya kazi, BiDil, kwa wagonjwa “wanaojitambulisha kuwa weusi”. Jaribio lake lilihusisha watu 1,050, wote wa kundi hilo, na vifo vilipungua kwa 43%. Dawa iliwasaidia, hilo halina ubishi. Lakini hapakuwa na jeni yoyote iliyoonyeshwa, na kwa kuwa hakuna asiye mweusi aliyeshirikishwa, jaribio hilo halikuweza kueleza kama weupe wangefaidika kidogo, sawasawa, au zaidi. Lebo ya rangi iliwekwa mahali ambapo maelezo ya kibiolojia yalikosekana, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo alama ya kutazama: kila unaposikia kwamba dawa fulani “ni ya watu fulani”, uliza ni kimeng'enya gani, jeni gani, toleo gani. Jibu likipatikana, pima jeni hiyo. Lisipopatikana, chukulia kwamba huenda tofauti hiyo imetokana na lishe, umaskini, magonjwa mengine, au kuchelewa kufika hospitali.

Sasa wewe na mume wako mfanye nini? Kipimo cha CYP2D6 hufanywa kwa damu au mate, na hufanywa mara moja tu maishani kwa sababu jeni ulizozaliwa nazo hazibadiliki. Hakikisha maabara inahesabu pia idadi ya nakala za jeni. Kipimo kinachosoma herufi bila kuhesabu nakala hakiwezi kuiona jeni iliyojirudia, na kwako wewe hilo ndilo swali lenyewe. Ikiwa kipimo hakipatikani, si mwisho wa mambo: zipo dawa za maumivu zisizopitia CYP2D6, kuanzia parasetamoli na ibuprofeni hadi mofini yenyewe, ambayo daktari huipima dozi yake moja kwa moja bila kulitegemea ini liitengeneze. Kwenye faili lako omba sentensi ile ifutwe, iandikwe kilichotokea: “alipata usingizi mzito na kupumua polepole baada ya dozi ya pili ya kodeini, hajapimwa CYP2D6.” Kila atakayeisoma atajua la kufanya, na hatahitaji kujua kabila lako.

Kuhusu watoto, wao hawana upande. Kila mtoto amechukua nakala moja ya CYP2D6 kutoka kwako na moja kutoka kwa baba yake, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuchukua nakala tofauti. Ikiwa wewe una kromosomu yenye jeni iliyojirudia na nyingine ya kawaida, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi ile ya kwanza. Na akiirithi pamoja na nakala iliyoharibika kutoka kwa baba yake, bado anaweza kutengeneza kimeng'enya cha kutosha. Huwezi kuyajua haya kwa kumtazama mtoto amefanana na nani. Kwa kodeini yenyewe huhitaji hata kupima kwa sasa: tangu mwaka 2013 Ulaya, na mwaka 2017 Marekani, mamlaka za dawa zimezuia kodeini kwa watoto wa chini ya miaka 12, wa asili yoyote ile, baada ya vifo vya watoto kadhaa ambao miili yao iliigeuza kuwa mofini kwa haraka.

Jeni moja ambayo ningependa muipime mapema ni ya G6PD, ikiwa jamii ya mmoja wenu imetoka katika maeneo ya malaria niliyoyataja. Jeni hiyo imo katika kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume ameichukua kwako peke yako, na asili ya baba yake haina neno hapo kabisa, hata kama wanafanana kama sarafu mbili. Binti amechukua moja kwako na moja kwa baba yake, na anaweza kuwa na upungufu wa wastani ambao vipimo vya haraka vya ndiyo au hapana huukosa. Kwake omba kipimo kinachotoa namba. Majibu yakitoka, yaandikwe katika kadi ya kila mtoto kwa jina la jeni, ili atakayefikiria kumpa primakwini au dapsoni ayaone kabla ya kuandika dawa.